Jina Aliloruka Mjomba Cuthbert

Vitalis alifika Newala mjini jua limeshainama na ukungu unaanza kupanda kutoka bondeni. Njia nzima aliogopa kukuta duka limefungwa. Akapita nyuma ya soko, akamwona Ashraf, fundi redio, akiingiza ndani spika zake moja moja.

"Mtani, usifunge," akasema kabla hata ya salamu.

"Mmakua haombi, anaamuru," Ashraf akamtania. Kisha akamwona vizuri usoni, na utani ukamkauka mdomoni. "Mtoto bado analia?"

"Bado."

"Ingia."

Zilikuwa enzi zile biashara imefunguliwa milango. Wanunuzi binafsi wa korosho waligombea magunia kuanzia Tandahimba mpaka Masasi, na kila aliyeuza vizuri alirudi kwake na redio ya Dubai, ambayo msimu wa pili ilikuwa maiti. Ashraf aliishi kwa vifo hivyo. Lakini kitu alichotoa Vitalis, kimefungwa kwenye kipande cha kanga, hakikuwa redio ya Dubai. Kilikuwa kinasa sauti kidogo, kinaenea kiganjani, kinachomeza diski ndogo iliyovaa ganda la plastiki. Aliachiwa na mtafiti mmoja wa ngoma, baada ya kumtembeza vijijini misimu miwili, pamoja na diski kadhaa. Watu wa pale hawakuwa wameona kingine cha aina ile.

"Kinasemaje?"

"Kile kile. Nikiweka diski inazunguka, inakwaruza, halafu inaandika kwa Kiingereza kwamba ina hitilafu. Nikiitoa na kuirudisha, inasema ni tupu."

"Na si tupu."

"Si tupu, Ashraf. Nilikuwepo."

Alikuwepo, na yeye ndiye aliyeiharibu. Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini mwanamume mwenye ndevu zake anaweza kusimama mbele ya fundi redio na machozi yakamlengalenga.

Vitalis ni mtu wa Lupaso, lakini alioa kwa Wamakonde na kuhamia ukweni, kama desturi inavyotaka. Kule mtoto ni wa ukoo wa mama, na jina hutolewa na mjomba. Mjomba wa mkewe Dorika alikuwa Mzee Cuthbert. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, anapitisha kikapu cha sadaka. Siku nyingine alikuwa mtunza majina ya ukoo. Yeye peke yake aliyajua yote kwa mpangilio wake, tangu wale waliopanda kutoka mtoni. Wapwa zake wa kiume walishakimbilia Dar es Salaam, na barua za kuwaita hawakuzijibu. Alipoona kifua kinambana na Dorika ana mimba, akamwita mkwe. "Lete hicho kimashine chako," akamwambia.

Wakakaa wawili tu nyuma ya nyumba. Wanawake waliwekwa mbali, maana hawaruhusiwi kusikia. Mzee akamwaga unga wa mtama chini, akataja majina. Ukoo ule una mwiko wake: jina la mwisho likishatajwa, kila taa izimwe na kila kitu kinyamaze papo hapo, ili waliotajwa warudi walikotoka bila kuona njia ya kubakia. Vitalis akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Lakini kitaa chekundu cha mashine kikaendelea kumemeta, na ndani yake kitu kikawa kinagonga, tik... tik... tik... Mzee akakikodolea macho kile kitaa. Vitalis akaona aibu ya mkwe. Akafungua kifuniko, akachomoa betri.

Hakujua. Diski zile hazikuwa kama kaseti. Mashine ikimaliza kunasa, inahitaji sekunde chache kuandika pembeni mwa diski orodha yake: sauti inaanzia hapa, inaishia pale. Bila orodha hiyo sauti ipo, ila mashine haijui pa kuitafuta. Kwa kuogopa kuwavunjia heshima wafu, Vitalis aliwafungia mlango.

Mzee Cuthbert akafa kabla ya mvua. Mtoto akazaliwa baada ya mazishi, wa kike. Akalia.

Watoto hulia, ndiyo. Huyu alilia tangu siku kitovu kilipodondoka, na ziwa alilikataa. Tone moja moja la kijiko ndilo lililomweka hai. Hospitali walimpima hiki na kile, wasione ugonjwa. Kliniki waliandika jina lake Esther, na kila alipoitwa Esther alizidi. Stella, jirani yao aliyejifungua mwezi ule ule, alijaribu hata kumpa ziwa lake. Mtoto akaligeuzia uso. Wazee wa kule wana neno lao kwa mtoto wa namna hiyo: analilia jina. Humtajia majina ya marehemu, mmoja baada ya mwingine, na likitajwa lililo lake hunyamaza na kunyonya. Bibi Julia, mama yake Dorika, alishataja yote aliyowahi kuyasikia. Yaliyobaki yalikuwa ndani ya diski.

Na mtoto alikuwa anaisha. Asubuhi ile Vitalis alimbeba akahisi amebeba kanga tupu.

Ashraf akawasha taa ya kandili, akavuta kiti.

"Kuna ujanja mmoja niliuona Kariakoo," akasema. "Unaidanganya mashine. Una diski nyingine, nzima, iliyojaa mwanzo mpaka mwisho?"

Vitalis akampa moja ya ngoma, wimbo mmoja mrefu aliounasa mtafiti mpaka diski ikaisha. Ashraf akaiweka, akabadilisha herufi moja kwenye jina lake, ili mashine ipate sababu ya kuandika orodha upya. Kabla haijaandika, akakibana kwa njiti ya kiberiti kile kitufe kidogo kinachoiambia mashine kwamba mlango umefungwa. Akafungua taratibu. Akatoa diski nzima, akaweka mbovu, akafunga, akabonyeza kusimamisha.

Kitaa chekundu kikamemeta. Tik... tik... tik... Safari hii hakuna aliyekigusa.

"Imeazimwa orodha ya mwenzake," Ashraf akasema akijifuta jasho. "Itasoma yote kama wimbo mmoja. Mzee wako yuko mwanzoni. Akimaliza, zima. Huko mbele ni mabaki ya vitu vilivyonaswa zamani, kelele tu."

"Haina mabaki. Ilikuwa mpya. Nailoni yake niliichana mimi mwenyewe."

"Basi huko mbele ni kimya."

Akavaa visikilizio, akabonyeza. Akatabasamu, akamwonyesha Vitalis dole gumba: mzee yupo! Vitalis akashika kichwa, akacheka na kulia kwa pamoja. Ashraf akaipeleka mashine mbele, ahakikishe inasoma hadi mwisho.

Tabasamu likamtoka.

Akasikiliza. Akaacha kupumua. Kisha akavua visikilizio polepole, akaviweka mezani kama mtu anayetua sufuria la moto.

"Siku ile mlikuwa nani na nani?"

"Mzee na mimi."

"Hakukuwa na mwanamke?"

"Wanawake walikuwa mbali. Ni mwiko. Kwani vipi?"

Ashraf akabonyeza kuzima. Akaifunga mashine kwenye kile kipande cha kanga, akaifunga tena fundo la pili. Dukani kukawa na harufu ambayo haikuwepo awali, harufu ya unga wa mtama uliolowa ukavunda.

"Nenda, mtani. Giza linaingia. Mzee akimaliza... zima. Unanisikia? Zima."

Vitalis alisikia. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na huyu alikuwa mfa maji aliyetupiwa kamba. Hakuuliza kamba imesukwa na nini.

Akapanda baiskeli. Barabara ilikuwa nyeupe kwa mchanga, mikorosho imekaa kimya pande zote mbili. Mji ukabaki nyuma, na sauti za watu zikabaki nao. Kimashine kilikuwa mfukoni mwa shati, juu ya moyo.

Alipoifikia njia panda ya kijijini kwake akahisi kitu kinatetemeka kifuani.

Akasimama.

Mashine ilikuwa inazunguka. Ilikuwa imezimwa, alimwona Ashraf akiizima kwa macho yake. Lakini pale mfukoni diski ilikuwa inazunguka, polepole, kwa utulivu... kama inayotafuta kitu na ina muda wa kutosha. Akaitoa, akafungua mafundo. Kioo cheusi. Kimya. Akaisogeza sikioni, hakuna. Akaifunga tena, akaitia mfukoni.

Ikaanza tena.

Hakusimama mara ya pili. Alikanyaga pedali mpaka miguu ikafa ganzi, na harufu ile ya unga uliovunda ikamfuata njia yote, ingawa upepo ulikuwa unampiga usoni.

Alimsikia mwanawe kabla hajaiona nyumba. Hakikuwa tena kilio cha mtoto. Ilikuwa sauti nyembamba, iliyokwaruzika. Ndani kulikuwa na watu watatu: Dorika ameketi mkekani, ziwa nje, macho mekundu, Bibi Julia karibu na moto, na mtoto.

"Imepona?" Dorika akanong'ona.

"Imepona."

Bibi Julia akajifunika kichwa kwa kanga. "Mkwe wangu, mambo haya hatusikii sisi."

"Mama, nisamehe. Nani mwingine atasikia?"

Vitalis akaunganisha waya kwenye spika ndogo, akaiweka sakafuni, akabonyeza.

Kwanza upepo. Kisha kikohozi cha Mzee Cuthbert, kizima kabisa, mpaka Bibi Julia akaziba mdomo kwa uchungu wa kaka yake. Kisha majina.

"Nampunju..."

Mtoto analia.

"Chilemba..."

Analia.

"Mandanda..."

Mzee alitaja bila haraka, jina moja, pumzi, jina jingine. Dorika aliyarudia kila moja sikioni mwa mwanawe, ananong'ona, anambembeleza, na kila moja mtoto alilikataa kwa kutupa kichwa. Dorika akaanza kukaukwa na sauti. Vitalis alikuwa anahesabu moyoni yamebaki mangapi na hajui, maana siku ile hakuyahesabu.

Halafu mzee hakutaja jina. Ikasikika fimbo yake ikigonga chini.

Tuk.

Mtoto akanyamaza.

Nyumba nzima ikanyamaza. Moto tu ulikuwa unasema. Kisha mzee akataja jina lililofuata, na kilio kikarudi pale pale.

"Rudisha," Dorika akasema.

Vitalis akarudisha nyuma. Jina, pumzi... tuk. Kimya. Jina lililofuata, kilio.

"Rudisha tena."

Tuk. Kimya. Mtoto amefumbua macho, anatazama spika. Tangu azaliwe hawakuwahi kuyaona macho yake yametulia mahali pamoja.

"Zima," Bibi Julia akanong'ona.

"Mama, pale pana nini?"

"Zima, mkwe wangu."

"Mama!" Dorika akamgeukia. "Pale mjomba kagonga fimbo pana jina. Kalipita. La nani?"

Bibi Julia akakunja na kukunjua pindo la kanga. Aliposema, alisema chini chini, kama mtu asiyetaka kuta zisikie.

"Alikuwa dada yake bibi yangu, mkubwa wao. Masika moja watoto wa kitongoji walilia, wakakataa maziwa, wakaisha mmoja mmoja. Kila nyumba. Yeye alikuwa anakwenda kuwatazama, anawabeba, anawaimbia. Kila aliyembeba... Basi wanaume wakampeleka chini ya mteremko, kule kwenye mapango, wakamwacha na mtungi wa maji. Hawakumpa unga. Hawakumlilia. Jina lake likafungwa. Kila anayetaja majina, akifika kwake, hugonga chini na kupita. Hakuna aliyeona alivyokufa."

"Unalijua?"

"Mama yangu aliniambia mara moja tu, sikioni, ili nisije nikampa mtoto kwa bahati mbaya. Silitaji. Nikatwe ulimi, silitaji."

Mashine ilikuwa bado inacheza. Hakuna aliyekumbuka. Mzee Cuthbert akataja jina la mwisho, mtoto akalikataa nalo. Kisha ikaja pumzi ya Vitalis mwenyewe, siku ile, akitafuta kitufe cha kusimamisha. Kisha kimya cha diski mpya.

Zima, Ashraf alisema. Vitalis akanyoosha kidole.

Mtoto akanyamaza.

Kidole kikabaki hewani. Mtoto alikuwa ananyonya hewa kwa midomo, anatafuta. Dorika, bila kupumua, akamsogeza. Mtoto akalishika ziwa. Mama yake akatoa sauti ndogo, ya maumivu na furaha, machozi yakamdondokea mtoto kichwani. Alikuwa ananyonya! Alikuwa anameza, koo lake dogo linapanda na kushuka.

Na ndani ya kile kimya kulikuwa na kitu.

Kwa mbali... kama mtu anayepanda mteremko kwa kuchoka... ikaja sauti ya mwanamke mzee. Alikuwa anataja neno moja. Anapumzika, analitaja tena. Kama mtu aliyekaa peke yake mahali siku nyingi, akijikumbusha anaitwa nani.

Bibi Julia akatupa kanga, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Jina lenyewe silitaji hapa. Nami nina wajukuu.

"Zima!" Bibi Julia akalia. "Vitalis, zima!"

Vitalis akabonyeza.

Ziwa likamtoka mtoto mdomoni, maziwa yote yakarudi juu, na kilio kile kikapasuka tena, kibaya kuliko mwanzo. Midomo ikawa ya bluu, macho yakageuka meupe.

"Washa!" Dorika akapiga kelele. "Washa, anakufa!"

Akawasha. Sauti ya mwanamke ikaendelea palepale ilipoachia, haikuwa na haraka. Mtoto akashika ziwa.

Vitalis akakaa chini. Alitaka kuomba, hakupata neno hata moja la sala aliyofundishwa utotoni. Alikuwa baba wa nyumba, mbele ya mkewe, mtoto wake na mama mkwe, na kazi yote aliyobaki nayo duniani ilikuwa kutazama mchoro wa betri kwenye kile kioo kidogo. Ulikuwa umebaki nusu. Kisha robo.

"Kesho alfajiri nakwenda kwa kasisi kule Lulindi," akasema. "Abatizwe. Esther. Mbele ya Mungu."

Aliposema Esther mtoto alikunja uso, akatapika kidogo, akarudi kwenye sauti.

"Alfajiri ni mbali," Dorika akajibu. Alisema kwa upole, na upole ule ulimwogopesha Vitalis kuliko kelele.

Kioo kikafifia. Sauti ikawa nzito, ikajivuta... ikakatika katikati ya jina.

Mtoto akaachia ziwa. Akavuta pumzi ndefu ya kuanza kulia, ikapanda, ikapanda, haikushuka. Kifua kikasimama. Uso ukawa wa majivu. Hakulia. Hakupumua. Alimkazia macho mama yake na kungoja.

"Mwanangu," Bibi Julia akapiga magoti mbele ya binti yake, "afadhali tumzike. Nisikilize mimi niliyekuzaa. Afadhali tumzike akiwa wetu."

"Wewe ulizika wako?"

"Dorika..."

"Ulinizika mimi?"

Vitalis anasema alinyoosha mkono. Labda amzuie mkewe, labda amchukue mtoto akimbie naye. Mwenyewe hajui, hata leo. Mkono haukufika. Dorika aliinama, akaweka mdomo kwenye sikio la mwanawe, akalitaja lile jina.

Mtoto akashusha pumzi.

Akanyonya. Alinyonya kama mtu mzima anayekula baada ya safari, bila pupa, anapumzika katikati, anaendelea. Dorika akaegemea ukuta, akafumba macho.

Ilibaki heshima. Kule, anayerithi jina huchukua na cheo cha mwenye jina. Aliyepewa jina la bibi ni bibi, hata kama hajaota jino, na wadogo wa ukoo humwamkia. Kwa kawaida ni jambo la vicheko: mtu mzima anapiga magoti mbele ya kichanga, watu wanapiga vigelegele. Bibi Julia hakusogea. Aliketi kando ya moto, amejikunyata, ameigeuzia nyumba mgongo.

Mtoto akaacha kunyonya. Akageuza kichwa polepole. Shingo ya kichanga cha umri ule haiwezi, lakini aligeuza. Akamtazama mgongoni. Akaanza kuguna... hm... hm... pumzi ikaanza kupanda tena.

"Mama," Dorika akasema bila kufumbua macho. "Nakuomba."

Bibi Julia aliinuka kwa shida. Akajifunga kanga vizuri, kama anayekwenda msibani. Akapiga magoti mkekani, akainamisha kichwa, na Vitalis akaona machozi yake yakidondoka kwenye mkeka.

"Shikamoo, bibi."

Mtoto akamtazama kidogo, akarudi kwenye ziwa.

Vitalis hakwenda Lulindi alfajiri. Alitoka, akaikamata baiskeli, akasimama nayo mlangoni mpaka jua likachomoza, asijue atamwambia nini kasisi. Kwamba mtoto amepona? Maana alikuwa amepona. Mashavu yalianza kujaa siku ile ile. Alilala mchana kutwa, akiamka ananyonya, akishiba anatazama watu wanaopita nje, mmoja mmoja, kwa makini. Majirani walikuja kupongeza. Kila mmoja alisema, ashukuriwe Mungu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bibi Julia alifunga nguo zake akaenda kwa mdogo wake Tandahimba, akasema atarudi, hakusema lini. Ile diski Vitalis aliitupa chooni. Akakaa pale mpaka akasikia imezama.

Zikapita siku chache za amani, kama amani ndiyo jina lake.

Jioni moja walikuwa wamekaa uani. Stella akatokea kwenye uchochoro, kanga imempanda kombo, hana viatu. Mgongoni mwanawe alikuwa analia. Vitalis alikijua kilio kile kabla hakijafika; ilikuwa sauti nyembamba, iliyokwaruzika.

"Hodi jamani. Mama Esther, nisaidieni," Stella akasema akihema. Vitalis aliona mwanawe akikunja uso kwa lile jina. "Tangu jana usiku wangu hataki ziwa. Analia tu, analia tu. Nimesikia mna kimashine kilichomtuliza wenu. Au mnijuze mlifanya nini."

Mtoto pajani kwa Dorika aliachia ziwa. Akajigeuza, akamtazama mtoto wa Stella. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akanyoosha mikono yake miwili, kama anayetaka kupewa abebe.

"Haa! Tazama," Stella akatabasamu katikati ya machozi, akaanza kufungua mbeleko. "Anamtaka mwenzake. Ngoja nimlaze hapo pembeni yake, labda watabembelezana."

Vitalis alifungua mdomo. Alitaka kumwambia akimbie, afunge mlango, ahame hata kijiji. Angemwambia nini kilichomponya wake? Angelitaja jina gani? Alimtazama mkewe amsaidie. Dorika hakumtazama. Alikuwa ameshasogea ukingoni mwa mkeka, anampisha Stella nafasi ya kukaa.